Kesha la Mabaharia

Wasikilizaji wetu wa Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, huenda mkastaajabu kusikia kwamba jioni hii twataka kuzungumza habari za bahari. Kutoka hapa Dodoma mpaka Dar es Salaam kwa barabara ni mwendo wa kilomita 450 hivi, na wengi wetu tulikuwa watu wazima kabla ya kuyaona maji ya chumvi. Lakini kazi tutakayoieleza twaijua tangu utoto. Nani katika sisi hakupata kulala kwenye dungu, mtama ulipoanza kukomaa, akingoja nguruwe? Saa za kwanza mtoto hutazama kwa bidii; usiku wa manane hutazama asione kitu; na karibu na alfajiri macho yake yako wazi, lakini amekwisha kulala. Nguruwe huja saa ile ile.

Wazee wetu waliochukua mizigo walikuwa na bahari yao papa hapa. Kati ya Mpwapwa na Ugogo ipo nyika iliyoitwa Marenga Mkali, kwa ajili ya ukali wa maji yake ya chumvi. Burton na Speke waliipita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Misafara iliivuka kwa tirikeza, yaani kuondoka mchana, kwenda mpaka usiku, kulala pasipo maji, kisha kushika njia tena kabla ya jua kutoka. Kirangozi alitangulia, na wote walifuata nyayo zake. Yule aliyechoka akabaki nyuma hakuwa na wa kumwangalia.

Basi baharini mambo ni hayo hayo, ila njia haina nyayo. Mtu ambaye macho yake yako mita 2 juu ya maji huona ukingo wa bahari kwa umbali wa kilomita 5 tu, kwa sababu dunia ni mviringo. Akipanda mlingotini mita 10, huona mpaka kilomita 11. Ndiyo maana mabaharia wa zamani walimweka mtu juu. Meli kubwa ya siku hizi iendayo kilomita 37 kwa saa humaliza zile kilomita 11 kwa dakika 18. Mtu aliyeshuka kupika uji wake aweza kuikuta imekwisha kufika. Kanuni za mataifa za mwaka 1972, zilizoanza kutumika mwaka 1977, zaagiza kila chombo kiwe na mtazamaji wakati wote, kwa macho na kwa masikio. Na hata hivyo wako watu wavukao bahari kuu peke yao katika vyombo vidogo vya tanga, wakilala vipande vipande vya dakika chache, kengele ikiwaamsha. Ushujaa wao twaukubali. Lakini jinsi mtu aliyelala anavyoweza kuitii kanuni hiyo, hilo hatujaelezwa.

Kutazama si macho matupu. Ahmad ibn Majid, rubani mkubwa wa Kiarabu, aliandika kitabu chake cha elimu ya bahari karibu na mwaka 1490, na humo alieleza dalili za kukaribia nchi kavu, kama vile ndege, majani yaeleayo, nyoka wa baharini na rangi ya maji. Mtazamaji asiyezijua dalili hizi huyatazama yote asijue aliloliona.

Na sasa twaja kwenye kisa chenyewe. Vasco da Gama aliondoka Lisbon mwezi wa Julai 1497. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu zake zilikuwa zikipanda kaskazini kwenye mwambao wetu. Tarehe 6 Aprili, saa mbili kabla ya mapambazuko, São Rafael, iliyoongozwa na Paulo nduguye, ikapanda fungu karibu na Tanga. Waliokuwamo hawakuweza kuiokoa tena, bali walipiga kelele, na zile zilizofuata zikasikia, zikatia nanga. Masikio yaliziokoa merikebu nyingine pale macho yaliposhindwa. Maji yakapwa, chombo kikabaki juu ya mchanga, na wenyeji wakaja na machungwa mazuri kuliko ya Ureno. Maji yalipojaa kikaelea. Fungu lile wakaliita São Rafael.

Huko Malindi walipewa rubani aijuaye njia. Wengi walisema alikuwa Ibn Majid mwenyewe, lakini wanachuoni wa siku hizi hawalikubali jambo hilo. Kwa upepo wa kusi walivuka mpaka Bara Hindi kwa siku 23.

Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu. Waliondoka tarehe 5 Oktoba 1498, kabla ya kaskazi kukaa sawasawa, wakakutana na shwari na pepo za mbisho. Siku 23 zikawa miezi mitatu kasoro siku tatu. Kiseyeye kikavimbisha fizi zao na miguu yao. Watu 30 wakafa njiani, na katika kila merikebu wakabaki 7 au 8 tu wenye nguvu za kufanya kazi. Hebu wafikirini watu hao: huyo ashike usukani, hawa wakunje tanga, huyu apande juu kutazama, na alfajiri ni wale wale, hakuna wa kupokea zamu.

Hata hivyo walikuwa wamejifunza. Tarehe 2 Januari 1499 walipokaribia nchi kavu, usiku ulikuwa umeingia. Hawakuthubutu kusonga, wakasimamisha vyombo wakangoja kuche. Kulipokucha hawakutambua ni nchi gani. Baadaye wakauona mji wa Mogadishu, wakashuka mpaka Malindi.

Lakini watu waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu wala kugawana makesha yake. Tarehe 13 Januari walifika tena kwenye lile fungu karibu na Tanga. Wakahamisha vitu vya São Rafael, wakaitia moto pale pale ilipokwama miezi tisa iliyopita. Sanamu yake ya mti ya malaika Rafaeli ilitolewa kabla ya moto, nayo imehifadhiwa mpaka leo katika nyumba ya makumbusho huko Lisbon.