Siri za Wajapani Zilisomwa Mombasa, na Darasani Hatukuambiwa

Ukipita Mombasa ukaona shule ya Allidina Visram, simama kidogo. Mwaka wa 1942 jeshi la majini la Uingereza liliichukua hiyo shule ikawa ofisi ya kuvunja kodi za siri. Wajapani walikuwa wamepiga Colombo mwezi wa nne, meli zikakimbilia Kilindini, na wavunja kodi wakaja nyuma yake. Nimesoma historia hadi Form Four na hii stori sikuwahi kuisikia. Tulikariri tarehe za mikataba tu. Bado inaniuma.

Hapo ndipo walifungua JN-40, kodi ya meli za mizigo za Kijapani. Kosa la Wajapani wenyewe liliwapa mwanya, na kufika Novemba walikuwa wanasoma jumbe zikiingia. Kilichowasumbua ni redio: Kilindini mawimbi yalishika vibaya, kelele tupu. 1943 wakarudi Colombo.

Hiyo kelele ndiyo imefanya niandike. Siku hizo funguo za siri zilichapishwa kwa vitabu, zikabebwa melini. Adui akishika kitabu, umeisha. Miaka hamsini baadaye, 1993, Ueli Maurer wa Uswisi, na pia Rudolf Ahlswede na Imre Csiszár, wakaonyesha kwamba watu wawili wanaweza kutoa ufunguo kwenye kelele yenyewe.

Cheki. Setilaiti inarusha sifuri na moja ovyo ovyo. Wewe uko Langas, beshte yako Kapsoya, kila mtu anashika na makosa yake. Mpelelezi yuko tao na antena kali kuliko zenu. Mnachukua namba mbili mbili. Unatangaza hadharani: zangu zinafanana, au hazifanani. Na zake zikiwa hivyo hivyo, mnaweka ya kwanza, mnatupa ya pili. Zikikataa, mnatupa zote. Mnarudia. Mpelelezi anasikia kila neno, lakini nyinyi ndio mnachagua cha kubaki, na pale alipokosea yeye hana wa kumrekebisha. Mwishowe mnakamua mfuatano mrefu uwe mfupi, hadi kile kidogo anachojua kisimsaidie. Sharti ni moja: asiweze kujifanya nyinyi.

Niliacha chuo mwaka wa pili nikidhani hesabu ni ya kupita mtihani. Hii nimeisoma kwa simu, ndani ya matatu ya Huruma, hadi nikapitiliza stage.