Habari za Kasa na Waliomwokoa

Miongoni mwa bidhaa zilizoipa sifa pwani ya Afrika Mashariki tangu kale ni magamba ya ng'amba. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani yapata karne ya kwanza, chayataja pamoja na pembe za ndovu katika biashara ya Rhapta. Chaeleza pia kwamba watu wa kisiwa cha Menouthias waliwanasa kasa kwa vikapu vya kusuka, mfano wa madema. Kwa karne nyingi, basi, kasa alikuwa riziki ya mvuvi kwa nyama, mayai na gamba lake.

Lakini kasa hukawia kukomaa, pengine miaka ishirini na zaidi, na katika vifaranga elfu huenda akasalimika mmoja tu. Jike akichinjwa ufukoni, pengo lake halizibiki upesi. Sheria zilikataza uwindaji huo, lakini katazo peke yake halikutosha. Ilipasa mvuvi mwenyewe awe mlinzi.

Huko Watamu, nchini Kenya, juhudi zilizoanza mwaka 1997 ziliwafanya wavuvi watoe habari za kasa walionaswa nyavuni. Mvuvi hupewa kitu kidogo, kisichofikia bei ya nyama aliyoiacha. Kasa mzima hutiwa alama na kurudishwa baharini, na mgonjwa huuguzwa. Kisiwani Mafia, tangu mwaka 2001, aliyeonyesha kiota alilipwa, na akaongezewa mayai yalipoanguliwa. Ujuzi uleule wa kufuata nyayo mchangani, uliokuwa wa kuulia, ukawa wa kuhifadhia.

Hata hivyo liko dhara ambalo mvuvi hawezi kulizuia. Kasa wengine huokotwa wakielea, wasiweze kuzama, kwa kuwa wamemeza plastiki. Takataka hizo hutoka hata bara. Mto Songwe wa mpakani mwa Tanzania na Malawi huingia Ziwa Nyasa, na maji ya ziwa hilo huifikia Bahari ya Hindi kwa mito ya Shire na Zambezi. Tanzania ilipokataza mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, isitengenezwe, isiuzwe wala isiingizwe nchini, katazo hilo lilishika Tunduma sawa na Mafia. Mchuuzi wa Tunduma aweza kuishi asimwone kasa hata mara moja. Lakini tangu siku ile naye ana sehemu yake katika habari hizi.