Fangasi, Kifua Kikuu na Njia Panda ya Makambako

Ripoti ya kwanza ya kitabibu kuhusu UKIMWI haikutaja virusi vya UKIMWI (VVU). Ilitolewa Marekani tarehe 5 Juni 1981, ikieleza habari za vijana watano wa Los Angeles waliougua nimonia ya fangasi ambayo ni nadra kumpata mtu mwenye kinga imara. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania waligunduliwa Kagera, ambako wananchi waliuita ugonjwa huo Juliana. Watu waliona kukonda, kuharisha, mkanda wa jeshi, utando mweupe mdomoni. Magonjwa nyemelezi ndiyo yaliyojaza wodi, na kifua kikuu kikayaongoza kwa kuua.

Nyanda za juu kusini hazikupona. Makambako, mkoani Njombe, ni njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita. Madereva wa malori hulala mjini, na vibarua hufuata kazi kwenye mashamba ya chai na misitu ya mbao. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa mkoa wa Njombe wenye miaka 15 hadi 49 wana VVU, kiwango kilichoupita kila mkoa mwingine. Kwa kata za mkoa huo kama Kichiwa, huo ulikuwa msiba wa kila ukoo.

Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza VVU (ARV). Pamoja na Septrin ya kuzuia maambukizi, dawa hizo zilirudisha watu shambani.

Lakini anayechelewa kupima bado yumo hatarini, na hapa ndipo uangalizi unapohitajika zaidi. Kuna fangasi, kriptokokasi, anayeishi kwenye udongo na kinyesi cha ndege. Mtu humvuta kwa pumzi bila kujua. Seli za kinga za CD4 zikishuka chini ya 100, fangasi huyo hupanda hadi kwenye ubongo. Kichwa huuma siku nyingi, mgonjwa akatibiwa malaria, kumbe ni homa ya uti wa mgongo.

Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, ukachapishwa 2015, uliwafuata wagonjwa wapatao 2,000 walioanza ARV wakiwa na CD4 chini ya 200. Nusu yao walipimwa damu kutafuta fangasi huyo, na katika wiki za mwanzo wakatembelewa nyumbani. Vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 28 kuliko vya nusu nyingine. Waliowatembelea hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo.