Lugha Iliyofukuzwa Shuleni: Kijerumani katika Sekondari za Marekani, 1917–1923

Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda tumepata kuambiwa na wanafunzi, au na wazazi wao, kwamba lugha hii ni ya askari na wanyang'anyi. Shutuma hiyo ina historia yake, nasi tutairudia mbele. Kwanza yafaa tujue kwamba hatuko peke yetu. Wako walimu wenzetu wa lugha nyingine walioona somo lao likitoweka katika shule za sekondari kwa muda wa miaka michache tu, na sababu haikuwa ufundishaji mbaya. Lugha yao ilikuwa imegeuka kuwa ya adui. Lugha hiyo ni Kijerumani, na nchi yenyewe ni Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Mwaka 1915, katika kila wanafunzi 100 wa sekondari za umma za Marekani, 24 walikuwa wakijifunza Kijerumani. Kifaransa kilikuwa na 9 hivi, na Kihispania hakikufikia 3. Haikuwa ajabu. Mamilioni ya Wajerumani walikuwa wamehamia huko katika karne ya 19 wakaanzisha shule, magazeti na makanisa yao. Tena aliyetaka kusoma kemia au udaktari kwa undani hakuweza kukwepa vitabu vya Kijerumani. Miongoni mwa lugha za kisasa za kigeni hapakuwa na somo lililoonekana kuwa na mizizi mirefu zaidi.

Marekani iliingia vitani tarehe 6 Aprili, 1917. Serikali kuu haikutoa sheria ya kukataza Kijerumani, maana elimu katika nchi ile ni kazi ya majimbo na bodi za elimu za miji. Basi kila bodi ilijiamulia, na moja ilipofuta, ya jirani iliona aibu kubaki nyuma. Bodi ya elimu ya jimbo la California ilikiondoa Kijerumani katika sekondari mwaka 1918, kwa hoja kwamba ni lugha inayoeneza udhalimu, ukatili na chuki. Huko Baraboo, katika jimbo la Wisconsin, vitabu vya Kijerumani vya shule ya sekondari vilichomwa moto barabarani mwaka huohuo. Hata kabeji iliyochachuliwa kwa namna ya Kijerumani ilibatizwa jina jipya, ikawa "kabeji ya uhuru"! Ladha, bila shaka, haikubadilika.

Masomo mengine nayo yaliguswa. Idara ya Elimu ilichapisha masomo maalumu juu ya maisha ya jamii na ya taifa, ambamo wanafunzi walifundishwa namna chakula kinavyozalishwa na kwa nini kitumiwe kwa uangalifu. Kamati ya serikali ya kueneza habari za vita ilikuwa na jarida lake la walimu. Bustani za shule ziliitwa jeshi, na vijana wa kiume walipelekwa mashambani kushika nafasi za watu wazima waliokwenda kupigana. Hayo hatuyalaumu yote. Kulima viazi hakujamwangamiza mwanafunzi yeyote.

Lililo zito zaidi kwetu ni kisa cha shule ya sekondari ya DeWitt Clinton, New York. Mwalimu wa Kiingereza, Samuel Schmalhausen, aliwapa wanafunzi insha: wamwandikie Rais Wilson barua, wakitoa maoni yao waziwazi juu ya mwenendo wake wa vita. Kijana mmoja aliandika barua kali ya kumlaumu Rais. Mwalimu aliisahihisha, akaandika maoni yake pambizoni. Wakubwa wakaona maoni hayo hayakutosha kumkemea kijana, na mwishoni mwa 1917 mwalimu huyo na wenzake wawili wakafukuzwa kazi kwa kuonekana hawana uzalendo wa kutosha. Fikirini, walimu wenzangu: mtu anapimwa uzalendo wake kwa wino mwekundu! Baada ya hapo, mwalimu gani angethubutu kutoa insha inayomtaka mwanafunzi aseme lililo moyoni mwake?

Wala tusidhani kwamba waliokisukuma nje Kijerumani walikuwa wanasiasa tu. Lawrence Wilkins, aliyesimamia lugha za kisasa katika sekondari za New York, alikuwa mpinzani mkubwa wa somo hilo na mtetezi wa Kihispania. Chama cha walimu wa Kihispania kilipoundwa mwaka 1917, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Hatusemi kwamba Kihispania hakikustahili nafasi. Majirani wa kusini walikitumia tangu zamani. Lakini nafasi hiyo ilipatikana kwa msiba wa jirani wa chumba cha pili. Mwaka 1922 Kihispania kilikuwa na wanafunzi 11 katika kila 100, Kifaransa 15. Kijerumani hakikuwa na hata mmoja kamili.

Vita vilikuwa vimekwisha Novemba 1918, lakini woga haukutia saini mkataba wowote. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska lilikataza kumfundisha lugha ya kigeni mtoto ambaye hajamaliza darasa la nane. Mwalimu Robert Meyer alitozwa faini ya dola 25 kwa kumsomesha mtoto wa miaka 10 kisa cha Biblia kwa Kijerumani. Alikata rufaa, na mwaka 1923 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ikampa haki. Sheria ilianguka; somo halikuinuka. Kijerumani hakijapata tena ile robo ya wanafunzi. Na vita vya pili vilipokuja, jeshi lililazimika, mwaka 1943, kuwaweka askari katika vyuo vikuu wafundishwe kwa haraka lugha mbalimbali, Kijerumani kikiwamo.

Sasa turudi kwetu. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi nchini Uganda tangu enzi ya ukoloni. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na watu walikisikia katika vizuizi vya barabarani kabla hawajakisikia darasani. Utawala wake ulianguka mwaka 1979. Mwaka 2005 Kiswahili kiliingia katika katiba kama lugha rasmi ya pili. Mwanafunzi anayeketi mbele yetu leo alizaliwa miaka mingi baada ya vizuizi vile kuondolewa, na hajaamrishwa na askari yeyote wa Amin. Hata hivyo, siku ya kwanza ya muhula, neno lile la "lugha ya askari" analo tayari kinywani. Kalipata nyumbani.