Maji ya Moto na Wazee Wetu

Mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya usiku yatutesa katika Kampemba, kwa kuwa mji wa Lubumbashi umejengwa juu, kiasi cha mita 1,200 kupita usawa wa bahari. Ndipo wazee wetu huomba maji ya moto sana, nao wajukuu huyachemsha juu ya mbabula. Ni heshima njema. Lakini habari za kale na za siku hizi zatufundisha ya kuwa maji ya moto ni kama dawa, yana kipimo chake.

Tuanze na Warumi. Nyumba ya kuogea ya Kaisari Caracalla, iliyofunguliwa Roma mwaka 216, ilikuwa na chumba cha baridi, cha vuguvugu na cha moto. Kwa kawaida mtu alipita kwanza penye vuguvugu, mwili upate kuzoea.

Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliwaandikia watawa Kanuni yake. Aliagiza wagonjwa waogeshwe kila inapofaa, bali wazima, hasa vijana, kwa nadra. Tena aliwawekea wagonjwa mtumishi mwenye bidii wa kuwaangalia, na katika sura inayofuata aliwahurumia wazee kwa udhaifu wao. Wabenediktini waliokuja Katanga mwaka 1910 walishika Kanuni hiyo hiyo.

Wajapani nao wapenda sana kukaa katika maji ya moto. Huko, kila mwaka, maelfu ya watu hufa bafuni, wengi wao wazee, na zaidi wakati wa baridi. Kwa nini? Joto hupanua mishipa, na nguvu ya damu hushuka. Mzee akisimama ghafula, kichwa chamzunguka, naye huanguka au huzama. Kwa hiyo serikali yao yawashauri watu kwamba maji yasipite digri 41, wala mtu asikae humo kupita dakika 10.

Hapa kwetu wengi huoga kwa ndoo. Kuzama ni nadra, lakini kuanguka na kuungua kupo. Ngozi ya mzee ni nyembamba, tena mara nyingi haisikii moto upesi. Mwaka 1947 wataalamu wawili wa Marekani, Moritz na Henriques, walionyesha ya kuwa maji ya digri 60 huunguza ngozi vibaya kwa sekunde 5 hivi.

Basi tufanyeje? Tutie ndooni maji baridi kwanza, kisha ya moto, na kijana ayapime kwa kiwiko. Tumwekee mzee kigoda, asioge amesimama. Mlango usifungwe kwa ufunguo. Anayekunywa dawa za kushusha nguvu ya damu amwulize mganga wa hospitali. Na mbabula yenye makaa isiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa, hata baridi iwe kali namna gani, kwani hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua.

Ninyi wajukuu, nkambo akiomba maji, mpelekeeni, kisha mkae karibu na kumwita mara kwa mara, mpaka atoke salama.