Ripoti moja, kurasa tofauti: kinachotokea ukiitoa kama PDF, Word, Excel au CSV

Mkutano umeanza. Mwenyekiti anasema, "Ndugu wajumbe, tufungue ukurasa wa 7." Mwenye karatasi anafungua na kukuta jedwali la mapato. Aliyefungua faili la Word kwenye simu anakuta ukurasa wa 7 unazungumzia ukarabati wa choo cha shule. Wa tatu, aliyetumiwa Excel, haoni namba ya ukurasa popote.

Hakuna aliyedanganywa hapo. Ripoti ni ileile na imetoka kwenye kompyuta moja. Kilichotofautiana ni aina ya faili, na kila aina ina tabia yake ya kupanga kurasa.

Kwa nini jambo hili linagusa Simiyu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi. Una halmashauri sita: Bariadi Mji, Bariadi Wilaya, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Kote huko ripoti hazikosi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu, na hapo ndipo wananchi husomewa mapato na matumizi. Msimu wa pamba ukifika, vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, navyo vinakuwa na orodha ndefu za wakulima, kilo na malipo.

Siku hizi ripoti inaandikwa kwenye kompyuta ya ofisi, inarushwa WhatsApp, inasomwa kwenye simu, kisha inaprintiwa steshenari. Katika safari hiyo faili linaweza kufika likiwa na sura nyingine. Kwenye orodha ya malipo, hiyo ni hatari: hela ya mkulima inaweza kuangukia karatasi isiyo na jina lake, au namba yake ya simu ikafika imekatwa.

Word: ukurasa unapangwa upya kila mahali

Wengi wanadhani faili la Word limebeba kurasa zilizokamilika. Kumbe halijabeba. Limebeba maneno pamoja na maelekezo: tumia fonti hii, ukubwa huu, pambizo hizi. Programu inayolifungua ndiyo inayopiga hesabu ya wapi ukurasa uishie.

Sasa chukua fonti ya Calibri, ambayo Word iliitumia kama fonti ya kuanzia kuanzia toleo la 2007 hadi Microsoft walipoleta Aptos. Simu isiyo na fonti hiyo inaweka nyingine badala yake. Herufi zikiwa pana kidogo tu, mistari inaongezeka. Ukurasa wenye mistari 40 ukizidisha mstari mmoja, hutaona tofauti. Lakini ripoti ya kurasa 40 itakuwa imesogea ukurasa mzima kabla haijaisha.

Ukubwa wa karatasi nao unachangia. Karatasi ya A4, inayotumika Tanzania, ina milimita 210 kwa 297. Marekani wanatumia Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Letter ni fupi kwa milimita 18, sawa na mistari kama mitatu hivi. Kompyuta iliyoachwa kwenye mipangilio ya Kimarekani inaweza kuandaa ripoti kwa Letter, halafu ikifika steshenari inaprintiwa kwenye A4. Hapo ama pambizo zinakuwa za ajabu, ama kurasa zinahama.

Uzuri wa Word ni kwamba mwenzako anaweza kurekebisha, na kwenye simu maandishi yanaweza kujipanga kufuata upana wa skrini. Itumie wakati ripoti bado ni rasimu.

PDF: ukurasa umegandishwa

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Yenyewe inahifadhi mahali pa kila herufi kwenye ukurasa, na inaweza kubeba fonti zake ndani. Ukurasa wa 7 wa Bariadi ni ukurasa wa 7 wa Mwanhuzi na wa Dodoma.

Ndiyo maana ripoti iliyokamilika, yenye sahihi na mhuri, hutolewa PDF. Ila ina gharama zake mbili.

Kwanza, ukurasa wa A4 kwenye skrini ya simu unakuwa mdogo. Msomaji anakuza, anasogeza kushoto, anasogeza kulia, mwishowe anachoka. Pili, kutoa jedwali kwenye PDF na kulirudisha Excel ni kazi. Safu zinaweza kuchanganyika, kilo zikakaa kwenye safu ya bei.

Kuna pia PDF iliyotokana na kupiga picha karatasi. Hiyo mara nyingi ni picha tu ndani ya faili, huwezi kutafuta jina wala kunakili namba. Na ukituma picha ya kawaida kupitia WhatsApp, ubora wake hupunguzwa, tarakimu 3 na 8 zikaanza kufanana. Kama ripoti ipo kwenye kompyuta, itoe PDF moja kwa moja kutoka kwenye programu iliyoiandika.

Excel: hakuna ukurasa mpaka uprinti

Laha ya Excel ya sasa ina mistari 1,048,576 na safu 16,384. Haijui ukurasa ni nini mpaka umwambie unataka kuprinti au kutoa PDF. Hapo ndipo kasheshe inapoanza.

Chukua mfano wa orodha ya wakulima 200 wa AMCOS, yenye safu za namba, jina, kitongoji, kilo, bei, makato, malipo na simu. Kwenye skrini kila kitu kiko sawa. Ukiprinti, upana wa A4 unatosha mpaka safu ya bei tu. Kwa kawaida Excel inaprinti kwanza kwenda chini, ndipo inahamia upande wa kulia. Kwa hiyo zinatoka karatasi kadhaa zenye majina na kilo, zikifuatiwa na karatasi nyingine zenye makato na malipo bila jina hata moja.

Zikibandikwa ubaoni hivyo, mkulima anaona jina lake lakini haoni hela yake. Mwingine anaona hela asijue ni za nani. Maneno yanaanza, na karani anaonekana ameficha kitu.

Kabla ya kuprinti, fanya haya:

• Geuza karatasi ilale, upana uongezeke.

• Amuru safu zote ziingie kwenye upana wa ukurasa mmoja, lakini urefu uache uende kurasa nyingi. Ukibana vyote, herufi zinakuwa kama sisimizi.

• Rudia mstari wa vichwa vya safu kwenye kila ukurasa. Kitufe chake kimeandikwa "Print Titles", kwenye sehemu ya mpangilio wa ukurasa.

• Weka namba za kurasa kwa mtindo wa "3 kati ya 9", ili karatasi ikipotea ijulikane.

• Angalia muonekano wa awali kabla ya kubonyeza kuprinti.

CSV: data tupu, hakuna sura

CSV ni maandishi matupu, thamani zikitenganishwa na mkato. Haina ukurasa, rangi, herufi nzito, upana wa safu wala fomula. Kama kitabu chako cha Excel kina laha tano, ukikihifadhi kama CSV inabaki ile moja uliyokuwa umeifungua. Mifumo inaipenda kwa sababu ni nyepesi na programu nyingi zinaisoma.

Shida inakuja ukiifungua kwa kubofya mara mbili. Excel inajaribu kukisia kila thamani ni kitu gani. Namba ya simu inayoanza na 07 inaonekana kwake ni namba ya hesabu, kwa hiyo sifuri ya mbele inaondoka.

Namba ya NIDA inaumia zaidi. Ina tarakimu 20, wakati Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba. Tano za mwisho zinageuka sifuri, na kwenye skrini unaona kitu kama 1.99E+19. Ukihifadhi faili likiwa hivyo, tarakimu zile zimeshapotea, hata ukipanua safu hazirudi. Wakulima wawili tofauti wanaweza kubaki na namba moja.

Njia salama ni kuingiza CSV kupitia sehemu ya data ya Excel, kisha kuichagulia safu ya simu na ya NIDA aina ya maandishi, siyo namba. Fanya hivyo kabla data haijaingia. Ukibadilisha baadaye umechelewa.

Tarehe pia iangalie. 03/04 kwa Mtanzania ni tarehe 3 Aprili, lakini kompyuta yenye mipangilio ya Kimarekani inaisoma Machi 4.

Aina ya faili ilipoleta balaa Uingereza

Usidhani haya ni ya vijijini tu. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, majibu ya vipimo nchini England yalipitia mafaili ya Excel ya aina ya zamani, xls, ambayo mwisho wake ni mistari 65,536. Yaliyozidi hapo hayakuingia. Wagonjwa 15,841 hawakuonekana kwenye takwimu za siku kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, na ufuatiliaji wa watu waliokutana nao ukachelewa. Data yenyewe ilikuwepo, ila chombo kilichoibeba kilikuwa kidogo.

Ukurasa wa mtandaoni na mifumo ya ofisi

Ripoti inayosomwa kwenye kivinjari haina kurasa, ni utepe mmoja mrefu unaoshuka. Kwa simu ni rahisi kusoma. Ukiiprinti, kivinjari ndicho kinachoamua pa kukata, na jedwali linaweza kukatika katikati.

Mifumo ya ofisi nayo inakupa machaguo. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Tanzania, unaruhusu jedwali lipakuliwe kama Excel, CSV au ukurasa wa mtandao, na grafu itoke kama picha au PDF. Kwa hiyo mhudumu wa zahanati anayetaka jedwali na grafu kwenye ripoti moja anapakua mafaili mawili, kisha anayaunganisha mwenyewe.

Uchague ipi?

Jiulize swali moja: anayepokea anakwenda kulifanyia nini?

• Kusoma, kusaini au kubandika ubaoni: PDF.

• Kurekebisha maneno: Word.

• Kujumlisha na kuhakiki hesabu: Excel.

• Kuingiza kwenye mfumo mwingine: CSV.

• Kusoma haraka kwenye simu: ukurasa wa mtandao, au muhtasari mfupi kwenye meseji pamoja na PDF.

Kwa orodha ya malipo, tuma mbili: PDF ya kuonyesha na Excel ya kuhakiki. Jumla ya chini kwenye mafaili yote mawili ilingane. Isipolingana, usibandike kwanza.

Na kwenye mkutano, msitegemee namba ya ukurasa peke yake. Yapeni majedwali na vifungu namba zake, "Jedwali la 4", "kifungu cha 2.3". Namba hizo zimeandikwa ndani ya ripoti, kwa hiyo zinabaki zilezile kwenye karatasi, kwenye simu na kwenye kompyuta. Mwenyekiti akisema "Jedwali la 4", wote wanaangalia hela ileile.