Kuzabuni Upya: Neno Moja, Pande Mbili
Kamusi ya Johnson (1939) inakieleza kitenzi zabuni, chenye asili ya Kiarabu, kuwa ni kutaja bei mnadani. Hapo mzabuni ni mnunuzi, naye hupandisha bei. Katika ununuzi wa umma nafasi zimegeuka: mzabuni huuza kazi yake, na hushindana kwa kushusha. Kitenzi cha Kiingereza retender humhusu anayeitisha na anayejibu pia. Kiswahili, kisicho na kiambishi cha marudio, huwatenganisha: halmashauri hutangaza zabuni upya, mkandarasi huzabuni upya. (Mkopo tenda haukuzaa kitenzi, kutenda kulikwishakuwa na maana yake.) Fundi wa Mofu, Bonde la Kilombero, akisoma “zabuni imerudiwa”, hajui kama bei yake ya awali ingali hai, “imetangazwa upya” humwambia aandike nyingine.